Baraza Mlangoni kwa Mama Funguo

Sokoni hakuna aliyelijua jina ambalo Mama Funguo alipewa na wazazi wake, na mwenyewe alikwisha kuacha kulitaja. Kazi yake ilikuwa kutunza choo cha soko. Ukiitaja kazi hiyo mbele za watu wanakunja pua, lakini hao hao, tumbo likiwashika, hawaulizi njia.

Alikuwa mwanamke mfupi, mnene kiasi, mwenye sauti ya kumwita mtu aliye mtaa wa pili na macho yanayocheka hata pale mdomo umenuna. Kiunoni alining'iniza funguo za kila namna. Baadhi zilikuwa za milango, baadhi za makufuli yaliyokwisha kufa zamani, naye alizibeba tu kwa kuupenda mlio wake. Ulimsikia kabla hujamwona.

Mumewe alikuwa fundi bomba. Ndiye aliyelaza mabomba ya choo kile soko lilipojengwa, na ndiye aliyerudi nyumbani na habari kwamba anatafutwa mtu mwaminifu wa kukaa mlangoni. "Nikawaambia mwaminifu namjua mmoja," alimwambia mkewe, "ila ana mdomo." Sasa mume hayupo, Mungu amrehemu, na mabomba yake yalikuwa bado yanafanya kazi pale maji yalipokubali kuja. Kwa mlango ule Mama Funguo alisomesha watoto. Mmoja leo ni muuguzi, mwingine dereva wa malori, na kitinda mimba anajiita mshauri, ila mama yake hajui anamshauri nani.

Kila siku alifika kabla ya wachuuzi. Alijifunga kitambaa kichwani, akavaa ndala za mpira, akamwaga maji ya dawa, akapiga brashi kila tundu huku akiligombeza kama mtoto aliyejichafua makusudi. Baada ya hapo alikaa kwenye benchi lake mlangoni, meza ndogo mbele yake, kipande cha sabuni kwenye kisahani. Upande wa wanaume matundu yalikuwa tele. Upande wa wanawake yalikuwa mawili tu, na katika soko lile karibu kila aliyekaa nyuma ya fungu la mboga alikuwa mwanamke. Ukimuuliza sababu, alikujibu, "Aliyechora ramani alikuwa mwanamume, na siku hiyo hakuwa na haja." Kwa hiyo upande huo foleni haikuisha tangu soko lifunguliwe mpaka lifungwe.

Sasa, baraza la mji la wakati huo lilikuwa na mwenyekiti aliyependa mambo yaende chapuchapu. Alikipata kiti kwa kaulimbiu yake ya Papo kwa Papo, yaani jambo likipita, akigonga nyundo yake ya mbao, linaanza kazi dakika ile ile. Watu walimshangilia kweli, maana walikuwa wamechoka na maazimio yanayozaliwa, yakazeeka na kufa bila kutoka ofisini. Lakini mbio nazo zina mambo yake. Safari moja walihamisha kituo cha basi wakati abiria wamekaa ndani yake. Bango likang'olewa, watu wakabaki wamekalia benchi la kituo ambacho hakipo, na basi likawapita huku dereva akiwapungia mkono.

Papo kwa Papo haikuchelewa kufika chooni. Mpango wa kuupamba mji ulisema choo cha soko kivunjwe, na mahali pake iwekwe bustani ya maua yenye mtungi mkubwa wa saruji, unaomimina maji kutwa nzima. Habari aliileta mdogo wake Mama Funguo, muuza chai, ambaye kibanda chake kilikuwa chini ya ngazi za ukumbi na masikio yake yalikuwa kila mahali.

"Dada, umesikia? Wanavunja choo."

"Wanaweka nini?"

"Mtungi."

"Wa kujisaidia?"

"Wa kutazama."

Mama Funguo alicheka mpaka akashika ubavu. Halafu kicheko kikamkauka. Kwa umri wake nani angempa kazi nyingine? Na hao wanawake je, wanaofika gizani na kuondoka gizani, wangejibana mpaka lini? Alimwangalia Mama Nyanya, binti muuza nyanya aliyekuwa na mimba kubwa, ambaye kwa asubuhi moja tu alipita mlangoni pale mara nyingi mpaka wakawa wanataniana kwamba amehamia. Hofu ilimwingia, na hasira ikaifuata hofu nyuma. Mtu aliye na choo chumbani kwake hawezi kujua thamani ya tundu la pembeni mwa soko.

Ukumbi wa baraza ulikuwa unaezekwa upya, kwa hiyo kikao kilihamishiwa ghorofani, palepale juu ya soko. Wananchi waliruhusiwa kukaa kwenye mabenchi ya nyuma. Mama Funguo alivaa gauni lake la harusini, akapanda ngazi, akakaa. Suala la choo lilikuwa la kwanza kwenye ajenda. Maoni ya wananchi yalikuwa ya mwisho.

Alinyoosha mkono hata hivyo.

"Mama yangu," Mwenyekiti alimwambia kwa upole wa mtu mwenye maikrofoni, "maoni ya wananchi yapo mwisho wa ajenda."

"Mheshimiwa, huko mwisho choo kitakuwa kimeshapitishiwa hukumu."

"Basi utatoa maoni kuhusu bustani."

Waheshimiwa wakacheka. Mikono ikanyooshwa, nyundo ikagongwa. Choo kimefungwa kuanzia sasa, na wavunjaji watafika kesho asubuhi.

Mama Funguo alikuwa bado amesimama. "Samahani, mheshimiwa, mimi sikusoma sana. Ni kuanzia sasa hivi? Hata nikishuka hapo chini nikamkuta mtu amebanwa?"

"Sasa hivi, mama. Hata awe nani."

"Na akija mkubwa akaniambia fungua?"

"Usifungue! Azimio la baraza halitenguliwi na mtu mmoja, hata nikiwa mimi mwenyewe. Ni lazima likae baraza, na akidi itimie." Akageukia mabenchi ya nyuma kuwafafanulia wananchi, maana alipenda sana kufafanua: "Akidi ni wajumbe wetu, theluthi mbili kamili, wawe pamoja mahali pamoja. Bila hiyo hakuna kikao, na bila kikao hakuna kutengua."

"Kumbe sheria ni msumeno," alisema Mama Funguo.

"Naam! Hukata mbele na nyuma," aliitikia Mwenyekiti, amefurahi kupata mwananchi mwelewa.

Mama Funguo alishukuru kwa adabu zote, akashuka. Chini aliwatangazia wanawake kwamba mwenye haja aingie sasa, kisha akasugua matundu kwa brashi yake kwa mara ya mwisho. Alipomaliza alipitisha mnyororo kwenye milango yote miwili, akatia kufuli kubwa kuliko yote aliyokuwa nayo, akavuta benchi na kulikalia mbele yake. Akamwita mdogo wake, aliyekuwa amelifuata baraza na birika zake.

"Hao wageni wetu wa juu, wameshapata chai?"

"Bado. Niwapelekee?"

"Wapelekee ya tangawizi, ya maziwa, ya kila kitu. Na mtu akimaliza kikombe usimwache mkavu, mdogo wangu. Itakuwa aibu kwa soko zima."

Mdogo mtu alimtazama dada yake, akautazama mnyororo, akautazama tena uso wa dada yake. Alikwenda kuongeza maji kwenye birika kubwa, lile la misibani.

Jambo hilo lilitembea sokoni bila mtu kulipandia jukwaa. Wauza matunda walikata matikiti maji wakayapanga kwenye sinia na kuyapandisha juu, zawadi kwa baraza. Waheshimiwa waliguswa mno. Mmoja alisema hadharani kwamba kwa ukarimu wa watu wa soko hili, bustani wanaistahili kabisa. Wakala, wakanywa, wakaongezwa.

Kikao kikaendelea. Walijadili taa za barabarani. Walijadili mashimo, tena shimo mojamoja. Kulikuwa na mjumbe waliyemwita Mheshimiwa Hoja, mzee mwembamba asiyeweza kukubali hata salamu bila kusimama kwa hoja ya utaratibu, na siku hiyo alisimama sana. Muuza chai alikuwa akipita nyuma ya viti kimyakimya, birika mkononi, na hakuna kikombe kilichomponyoka. Kufikia hapo wajumbe kadhaa walikuwa wameanza kukaa upandeupande na kukunja miguu, hawasikilizi tena mambo ya mashimo.

Ndipo mhandisi alipoleta mfano wa mtungi wake. Ulikuwa mdogo, wa kuwekwa mezani, una pampu ya betri. Akaubonyeza, na maji yakaanza kumiminika, chururu, chururu, chururu.

"Sikilizeni, waheshimiwa," alisema kwa fahari, "jinsi sauti yake inavyotuliza."

Hakuna aliyetulia. Mjumbe mmoja mwenye koti zito aliinuka, akasema ana simu ya dharura, akashuka ngazi mbilimbili.

"Mama, habari za kazi?" alimsalimu Mama Funguo, huku anacheza mguu huu na huu.

"Kazi sina, baba. Mmeifunga asubuhi."

"Aa, hilo... mimi si mgeni, nifungulie mara moja tu."

"Ningekufungulia, mwanangu. Lakini Mwenyekiti kasema hata awe nani, na wewe ndiye huyo nani."

Mheshimiwa alitupa macho huku na huku. Ghorofani hapakuwa na choo, na maduka yote ya jirani yalitegemea hichohicho. Nyuma ya soko kulikuwa na ukuta, lakini baraza lenyewe lilikuwa limeupaka onyo juzijuzi, kwa herufi kubwa, kwamba atakayekojoa hapo atakiona cha mtema kuni, na chini ya onyo alisimama askari wa mji. Kupanda tena ngazi hakuthubutu. Kila mwenye uzoefu anajua, ukibanwa kushuka ni rahisi, kupanda ni kujitafutia balaa. Akasimama pembeni ya benchi, akisoma bei za vitunguu kwa umakini ambao bajeti ya mji haijawahi kuuona.

Wa pili akashuka, na wa tatu. Wengine wakaja kwa mkupuo, kila mmoja na simu yake ya dharura, wakakuta wenzao wamejipanga. Wachuuzi nao waliacha mafungu yao wakasogea kutazama. Watoto wao wangesimuliwa jambo hili, na hakuna aliyetaka kulisimulia kwa kusikia tu.

Mama Funguo aliona raha, tusimfiche. Lakini Mama Nyanya akaja. Alikuja polepole, mkono mmoja chini ya tumbo, jasho limemtoka juu ya mdomo, na raha yote ya Mama Funguo ikayeyuka. Alijisikia vibaya. Mchezo wake ulikuwa unamuumiza mtu ambaye hakuwa na kosa lolote. Mkono ukaenda kwenye ufunguo wenyewe.

"Njoo, mwanangu. Wewe nakufungulia, liwalo na liwe."

"Usifungue, mama."

"Utaumia."

"Ukifungua watajipenyeza wote, na mambo yataishia hapo." Akakaa naye kwenye benchi, akamshika kiganja, akakikaza. "Leo nitajibana. Kesho je, nitakwenda wapi?"

Mama Funguo alimfutia jasho kwa ncha ya kitambaa chake, akaomba kimoyomoyo ghorofa ile yote ishuke upesi.

Juu, Mwenyekiti alikuwa amebaki na katibu, mhandisi na wajumbe wa kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Alitaka kupigisha kura ya mashimo. Katibu akamnong'oneza kwamba akidi haipo. Mtungi ulikuwa unaendelea, chururu. Mwenyekiti alivumilia kwa heshima ya kiti chake, na mwisho akaona heshima yenyewe iko hatarini kubaki palepale kitini. Alishuka na nyundo mkononi, kwa kusahau kuiacha, katibu na wale wajumbe wakiwa wamemtangulia.

"Mama," alisema, na safari hii hakukuwa na maikrofoni, "fungua."

"Kwa amri ya nani, mheshimiwa?"

"Yangu!"

"Yako peke yako?"

Mwenyekiti alifungua kinywa, akayaona maneno yake mwenyewe ya asubuhi yamemsimamia mbele, akakifunga. Akamgeukia askari wa mji. "Wewe! Vunja hilo kufuli."

"Mheshimiwa," askari alijibu kwa unyonge, maana naye alipelekewa chai, "mimi nikiinama hapa, kitakachoachia kwanza si kufuli."

Hapo hata wajumbe walicheka, na wakajutia, kwa kuwa kucheka ukiwa katika hali ile si jambo la kushauriwa.

"Lazima likae baraza," Mheshimiwa Hoja alisema kwa meno yaliyokazwa. "Ndiyo kanuni."

"Baraza nitalipata wapi sasa?" Mwenyekiti alifoka. Kisha akatazama. Alimtazama wa koti zito, akamtazama aliyefuata, akaifuata foleni kwa macho mpaka mwisho wake. Pumzi zikamshuka. "Katibu! Hesabu hao watu."

Katibu alihesabu vichwa haraka kuliko alivyowahi kuhesabu maishani. "Akidi imetimia, mheshimiwa. Imetimia na kuzidi."

Mwenyekiti akaigonga nyundo kwenye meza ndogo ya Mama Funguo, sabuni ikaruka. "Kikao kimefunguliwa! Hoja ni kutengua azimio la asubuhi, choo kibaki. Wanaokubali wanyooshe—"

"Nyongeza!" Mheshimiwa Hoja alisema. Haikuwa inda safari hii. Macho yake yalikuwa kwa Mama Nyanya. "Napendekeza upande wa wanawake uongezwe matundu."

"Tunakubali!" waliitika wote.

"Na maji yaje kila siku!" sauti ya mwanamke ilitoka nyuma, kwenye mafungu ya mchicha.

"Huyo si mjumbe," alisema katibu.

"Tunakubali!" walisema wajumbe.

"Na taa!"

"Tunakubali! Tunakubali! Gonga!"

"Na mabomba yabaki yaleyale ya zamani," alisema Mama Funguo taratibu. "Yale yaliyomo hayana tatizo. Yalilazwa na fundi."

Hakuna aliyejua alikuwa anamzungumzia nani, isipokuwa mdogo wake, aliyeweka birika chini na kufuta macho. Walikubali hilo nalo. Kila mjumbe alinyoosha mkono mmoja, kwa kuwa wa pili ulikuwa na kazi. Nyundo ikagonga.

"Papo kwa papo, mama!" Mwenyekiti alilia. "Papo kwa papo!"

Kufuli lilifunguka kwa ufunguo wa kwanza. Mama Funguo alimwinua Mama Nyanya kwa mikono yake miwili, akamwingiza mwenyewe, akarudi kusimama mlangoni. Kwa bahati mbaya ya waheshimiwa, upande wa wanaume maji yalikuwa hayajafika tangu wiki iliyopita, kisa ambacho baraza lilikijua na lilikuwa limekiundia kamati. Matundu yote ya huko yalikuwa yamepigwa mbao. Kwa hiyo foleni ilikuwa moja, na matundu mawili.

"Mtaingia mmojammoja," alisema. "Na wenye soko wametangulia."

Hakuna aliyebisha. Waliingia wauza mboga, wakaingia wauza samaki, wakachanganyikana na wajumbe jinsi walivyofika. Kwa kuwa Mwenyekiti alishuka wa mwisho, alikaa wa mwisho. Kijasho kilimtoka. Alisogea hatua, akasimama, akasogea. Mbele yake alikuwa bibi mmoja muuza kamba, mgongo umepinda, ambaye alitumia kusubiri kwake kumsimulia habari za magoti yake, na Mwenyekiti kwa kuwa hakuwa na pa kukimbilia alimsikiliza mpaka mwisho.

Ilipokaribia zamu yake akatokea mchukuzi mzee kutoka upande wa magunia, amejishika tumbo, uso umemkunjamana. Alikwenda tu kusimama nyuma kabisa. Mwenyekiti alimtazama. Akautazama mlango, uliokuwa umefunguka sasa hivi na ulikuwa wake. Akafumba macho.

"Pita, baba," alimwambia mzee.

Mama Funguo alikuwa ameandaa maneno makali kwa ajili ya zamu ya Mwenyekiti, mengine yalikuwa mazuri sana. Aliyameza. Alimwonea huruma, mtu mzima na suti yake, amesimama kwa vidole vya miguu mlangoni pa choo. Tundu la pili lilipofunguka alimpa kopo la maji kwa mikono miwili, kama anavyopewa mgeni, akampisha.

Alitoka baada ya muda, mwepesi, amekuwa mtu mwingine. Alinawa kwa ile sabuni. Wajumbe wenzake walikuwa wamekwisha kupanda juu, na nje ya mlango wanawake walikuwa wameanza kupanga foleni upya, kwa kuwa siku ilikuwa bado ndefu. Aliitazama akiwa anajikung'uta mikono.

"Mama," aliuliza, na aliuliza kweli, "siku zote wanangoja namna hii?"

"Hapana, baba," alijibu Mama Funguo. "Leo foleni imekwenda haraka."